Shanga za Mfupa na Ijumaa ya Valary

Mgeni rasmi, Daktari Rispah, mtafiti wa mambo ya kale kutoka Nairobi. Wenzetu wa Malaz hapa Riyadh, nanyi mliotoka Ruwais kule Jeddah: hamjambo.

KARIBU SULIMANIYAH

Muda huu wote tumekusikia kwenye simu tu. Leo tunakuona kwa macho, na furaha imetujaa. Jisikie nyumbani. Chai ni ya maziwa, na imepikwa na Mkenya.

TULIKOANZIA

Mwenzetu Keziah anafanya kazi za nyumbani Malaz. Ijumaa moja Zablon, ambaye ni dereva, alimwonyesha picha aliyopiga makumbushoni: shanga za mfupa za watu wa kale.

"Hawa hawakuwa na msumeno," Keziah akasema. "Sasa walikata na nini?"

Zablon akatuuliza sisi wenzake. Ndipo tukakutafuta wewe, ukatueleza: walichimba mfereji kuuzunguka mfupa kwa jiwe lenye makali, wakauvunja hapo, wakausugua kwenye jiwe lenye maji, kisha wakautoboa kwa ncha ya jiwe.

Baada ya Idi, Keziah alianika mifupa ya kondoo juu ya paa. Madam wake, Munira, akaziba pua.

"Keziah, mifupa ya nini? Halas, basi, tupa!"

"Madam, nataka kutengeneza mkufu kama wa watu wa zamani."

Madam alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, fanya. Lakini harufu mafi, sitaki kuisikia!"

Mfupa wa kwanza aliuchemsha kupita kiasi, ukamomonyoka kama chaki. Wa pili ulipasuka tunduni, akalia. Ukamwambia, "Hata wao walivunja, Keziah. Tunachimbua vipande vingi kuliko shanga nzima." Akapangusa uso, akaanza upya.

TULIPOFIKA

Leo kila mmoja wetu anajua kuchonga, hata Justus, askari wa lango, ambaye vidole vyake ni kama ndizi. Lakini kwa urembo hakuna anayemfikia Valary. Yeye huchora vistari kwa ncha ya jiwe, kisha huvijaza udongo mwekundu uliokandwa kwa mafuta, kama ulivyotufundisha.

Valary anafanya kazi kwa Madam Hessa, wifi yake Munira. Familia zikitembeleana, Keziah humpelekea shanga za kuchora, nao huongea kidogo jikoni. Munira alipovaa mkufu wao harusini, Hessa akauliza umenunuliwa wapi.

"Haukununuliwa," Munira akamjibu. "Urembo huu ni kazi ya Valary wako."

LINALOTUSUMBUA

Tangu aje Riyadh, Valary hakuwahi kupewa Ijumaa ya kutoka. Baada ya harusi ile, Keziah alimwomba Munira azungumze na wifi yake. Hessa amekubali siku moja, ndiyo hii ya leo. Valary ndiye yule pale mlangoni, na Keziah hajamwachia mkono tangu asubuhi.

OMBI LETU

Mgeni rasmi, kesho umealikwa kahawa kwa Madam Hessa. Hatukutumi ukagombane naye. Si mtu mbaya. Anaogopa tu kwamba binti akitoka hatarudi. Mwambie umemwona Valary akicheka na wenzake, na kwamba jioni alirudi. Mwombe Ijumaa nyingine, na zinazofuata.

Tulikuwa na maombi ya vifaa na ya ukumbi. Keziah alituambia tuyafute ili libaki hili moja, nasi tumeyafuta.

Mola akulinde safarini, akurudishe kwako salama, na azidi kukuonyesha yaliyofichwa ardhini.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Shanga za Mfupa, Malaz na Ruwais.
Imesomwa na Lorine, kwa niaba ya wote.