Mzee Subiri na Wosia wa Mwoka Mikate

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya wosia na mirathi, mwanasheria wetu mkongwe anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Mlangoni kwake kuna kibao chenye jina kamili na shahada zake, lakini hakuna anayekisoma. Kwetu sote, kuanzia mlinzi hadi mkurugenzi, yeye ni Mzee Subiri.

Jina hilo alijitakia mwenyewe. Mteja akija mbio, anataka wosia uchapwe leo leo, atie sahihi aondoke, Mzee humwambia asubiri kwanza. Humvutia kiti, humwagizia chai, kisha humuuliza habari za watoto mmoja mmoja: nani kaoa, nani ana madeni, nani hasemi na nani. Baadhi walinung'unika kwamba walikuja kwa mwanasheria wakamkuta mjomba. Mimi niliyekaa naye chumba kimoja miaka yote hiyo nawaambia walipata vyote viwili kwa ada moja.

Ndiye aliyetuzoesha wosia wenye amana. Sisi wengine tulipenda njia ya mkato: huyu nyumba, yule duka, kwisha kazi. Mzee akawa anawaeleza wateja kwamba mali inaweza kuwekwa mikononi mwa wadhamini, nao wakapewa hiari ya kuamua nani kati ya wanufaika asaidiwe, kwa kiasi gani na lini. Anayeandika wosia leo hajui nani ataugua kesho wala ndoa ya nani itavunjika. Na kwa kuwa hakuna mnufaika mwenye fungu lake maalumu, hata wanaomdai hawana cha kukamata.

Kuwachagua wadhamini ndiko kulikokuwa na vituko. Vyeti havikumtosha. Aliwaalika ofisini saa ya chakula, akaweka mkate mezani, akamwomba kila mmoja kwa zamu yake awagawie waliomo chumbani. Yeye, miwani imeshuka puani, anatazama kila mmoja anavyogawa. Mkurugenzi alilalamika kwamba chumba chetu kina makombo mengi kuliko kantini, na kweli kilikuwa nayo.

Siku moja akaja mama mwoka mikate, mjane mwenye watoto wawili: kijana fundi wa magari, na binti mwenye moyo mkunjufu ambaye hesabu hazimwingii kabisa. Ukimchekea binti huyo na kumwita dada, atakupa kila alicho nacho. Mama alikosa usingizi kwa ajili yake. Akimwachia nusu ya nyumba, wajanja wangemlaghai hadi alale nje. Akimwachia kaka vyote, je, madeni ya gereji yakimkaba?

Amana ndiyo ilikuwa jibu, ila fundi aliposikia hatamiliki kitu moja kwa moja, aliwaka. Alisema mama yake anamwona mwizi, akabamiza mlango akaenda zake. Mama alilia pale pale, nami nikajua mambo yameharibika.

Mzee alimfuata gereji. Aliketi juu ya tairi na suti yake ya kijivu, akangoja injini ifungwe. Suti haikupona. Alimweleza kwamba mama hamwogopi yeye, anawaogopa wadai watakaomzunguka siku akiwa na shida. Kisha akamwomba awe mdhamini pamoja na mama yao mdogo. Fundi alikubali, ila mtihani wa mkate haukumkwepa. Alikata vipande sawasawa, karibu aombe rula. Mama mdogo yeye aliuliza kwanza nani hajala tangu asubuhi. Mzee alisema anawataka wote wawili.

Mama mwoka mikate alifariki miaka sita iliyopita. Wajanja walikuja kweli, tena na karatasi tayari kwa binti kutia sahihi. Waliondoka mikono mitupu, maana nyumba haikuwa yake kuigawa. Binti bado analala chumbani mwake.

Wiki iliyopita fundi alitupigia simu. Dada yake amesikia Mzee anaondoka, anataka kuja kumuaga, tena kwa gauni jipya la njano. Wadhamini walikutana. Mama mdogo aliuliza kama amana inaruhusu mambo ya raha. Fundi akajibu kwamba mama yao hakuungua mikono kwenye tanuri miaka yote ile ili mwanawe aishi kwa chakula na dawa tu. Gauni likanunuliwa.

Mzee wetu, asante kwa uvumilivu, kwa utani, na kwa wanasheria wote uliowalea hapa. Tunakuombea afya njema, usingizi mtamu wa mchana na wajukuu wasiochoka kukutembelea. Hotuba zetu zinaweza kungoja. Tazama mstari wa mbele, kuna mtu kavaa njano, hajakuondolea macho tangu ulipoingia.