Picha ya Picha

— Elfu themanini Nailantei amekulipa, Beda, na picha hana. Halafu unatuhubiria kompyuta za Linux.

Kondo huyo, fundi redio, kikombe cha kahawa mkononi. Hapa kijiweni, mbele ya duka langu la picha Mikumi, naitwa Injinia. Cheo nilijipa mwenyewe, kompyuta nilijifunza mwenyewe, na mteja simdanganyi. Ndiyo maana niliwaka. Nikamwambia diski yangu nimeipangia ZFS, mfumo unaopiga muhuri kila faili; likiharibika, unajua.

Kondo akasema mfumo wa kawaida, ext4, ungetosha, hauna maringo. Lupakisyo, tunayemwita Waziri kwa sababu kila jambo ana tamko, akautetea mfumo wa tatu, Btrfs, jina ambalo hata kulitamka hawezi. Kwa picha kuharibika, Kondo akaulaumu umeme wa kukatikakatika. Waziri akakataa: ni malori ya Zambia, yakipita yanaitikisa diski, picha zinamwagikia upande wa Iringa. Mimi kwa hasira nikaongeza tembo: wanajikuna kwenye nguzo huko mbugani, umeme unatufikia umeshachoka. Nilijisikia nikisema, na sikunyamaza.

Nailantei akafika, akatuamkia shikamoo, tukaitika. Picha za harusi yake nilipiga mimi. Mama yake alifariki masika haya, na picha aliyopigwa siku ile ndiyo pekee waliyo nayo.

— Imepona?

Nikamweleza ukweli: mfumo umenitajia picha zilizoharibika, moja moja kwa jina, na ya mama imo.

— Basi itengeneze.

— Usijali, dada. Kila usiku mfumo unayapiga picha mafaili yote. Nina picha ya picha zako.

Hata Kondo alikubali kwamba hapo nimetumia akili.

— Hiyo picha ya picha umeiweka wapi? Nailantei akauliza.

— Kwenye diski.

— Diski ipi?

Waziri akachungulia kikombe chake. Kondo akageukia malori. ZFS inataka diski mbili, moja ikiumwa nyingine iitibu. Ya pili niliiona ghali, nikachongesha kibao cha duka kilichoandikwa INJINIA.

— Hiyohiyo, nikasema.

Kahawa ilikuwa imekwisha. Nikatoa elfu themanini mfukoni, nikaziweka kwenye benchi karibu naye. Hakuziangalia.

— Hela sikuja kudai. Nipe picha ya mama.