Foleni ya Maikrofoni

Basi liliwarudisha wajumbe wa mkutano hotelini. Mkalimani, sauti imemkauka kwa kutafsiri mchana kutwa, alibaki na masikio tu. Mbele yake mwenyekiti wa kikao alikuwa akijitetea kwa mama mmoja mhandisi.

"Nilisema mwenye swali apange foleni kwenye maikrofoni. Yule dada wa kiti cha magurudumu hakuja."

"Angepitaje, baba? Viti vilijaa hadi njiani. Mkono ameunyoosha mpaka umechoka, na wewe unatazama saa."

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Kweli nilikosa. Ningempata, ningemwomba radhi."

"Si huyo hapo nyuma?"

Basi likasimama. Dereva akaweka ubao mlangoni, kiti cha yule dada kikateremka taratibu. Mwenyekiti akafungua mdomo, akaufunga, akatazama saa.