Megabaiti Arobaini na Sita Ndani ya Kilobaiti Moja

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la mbao. Mguu wake mmoja umewekewa kipande cha tofali, na anayekaa upande huo amejifunza kutosimama ghafla. Pembeni yake ndipo ilipo ofisi ya Baba Soli, fundi viatu: sanduku, nyundo na kopo la misumari. Katikati hukaa Karani, mstaafu wa masjala. Mkasi, fundi cherehani, huja kila suruali inapomshinda, na Bi Birika hutuuzia kahawa na kutukosoa bila malipo ya ziada. Mimi husikiliza. Asubuhi ile juu ya sanduku la Baba Soli, kati ya nyundo na gundi, palikuwa na laptopu ya bintiye.

Binti ni mkunga wa zahanati ya mbali. Saa tano kamili alitakiwa asimame mbele ya jopo, awaonyeshe slaidi arobaini, wakubali au wakatae kujenga chumba cha kujifungulia kwenye zahanati yake. Flashi aliyobeba ikagoma. Akampigia baba yake: pale mbele kwenye kioo kuna faili, ni zito, megabaiti arobaini na sita, libane kwenye zipu unitumie kwa barua pepe. Baba Soli, ambaye zipu azijuazo ni za buti, alimkabidhi Karani kazi hiyo. Saa nne na nusu faili lilikuwa limeshakwenda.

— Kilobaiti moja, alisema Karani, akijifuta mikono utadhani ametoka kuchinja. Arobaini na sita zote nimezitia ndani ya kilobaiti moja.

— Sasa zile nyingine zimekwenda wapi? aliuliza Mkasi.

— Zimebanwa.

— Najua zimebanwa, mzee. Nauliza zimekwenda wapi.

Karani alieleza kwamba masjala yao ilikuwa chumba kizima, lakini ukiondoa barua zilizorudiwa kinabaki kishubaka. Kompyuta nayo, neno "mama" likitokea mara mia tatu, huliandika mara moja tu, mengine inayakumbuka kwa kichwa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo ni ya kujaza, alisema Mkasi. Sisi tunapunguza.

— Basi isome kuanzia mwisho.

Mkasi hakukubali. Kwa maoni yake faili kubwa ni hewa tupu. Godoro jipya linakuja limekunjwa, unaliweka kwapani, ukikata nailoni linavimba na kujaza chumba. Kikulacho ki nguoni mwako, alimalizia, na hakuna aliyejua nguo zimeingiaje. Bi Birika alisema wote wawili ni watoto. Picha zinakaushwa, kama kahawa ya kopo. Kule zikifika zinatiwa umeme, zinarudi. Tatizo ni kwamba umeme wa ukumbi ukiwa hafifu, picha zitatoka na mabonge.

— Na ukilibana lililobanwa? aliuliza Mkasi, macho yakiwaka. Ukalibana tena?

— Linafika kabla hujalituma, alisema Karani.

Baba Soli alikuwa akitazama saa ya simu kila baada ya msumari mmoja. Mara mbili aliuliza kama limefika, na mara mbili Karani alimwonyesha kioo palipoandikwa kwamba limetumwa.

Hapo ndipo alipofika dada mmoja mjamzito, mgeni kwetu, mkononi ana sendo iliyokatika kamba. Tulimpisha upande usio na tofali. Baba Soli akaipokea sendo, na dada akakaa akitusikiliza tukigawana hewa na umeme.

— Samahani wazee wangu, alisema mwishowe. Huko lilikokwenda, limefunguka?

— Dada yangu, alisema Karani kwa upole wa mtu aliyezoea wananchi, nimelijaribu mwenyewe hapa kabla ya kulituma. Limefunguka bila taabu. Slaidi ya kwanza nimeiona kwa macho haya.

— Hapa si ndiko lilikotoka?

Bi Birika alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

Simu ya Baba Soli ikalia. Aliiweka kwenye spika ili mikono ibaki na sendo.

— Shikamoo baba. Limekuja tupu.

— Marahaba mwanangu. Tupu vipi?

— Mmechukua kile chenye mshale mdogo pembeni. Hicho si faili, baba, ni kielekezo tu cha mahali lilipo. Hapo kwenu kinafunguka kwa sababu faili lenyewe liko humo humo kwenye laptopu. Huku kinalitafuta hakilioni.

Binti alimwelekeza Karani kwenye folda. Karani akalipata faili lenyewe, akalibana: arobaini na sita zikawa arobaini na tano. Mkasi alifungua mdomo aseme kitu kuhusu hewa, akaghairi. Barua pepe ililikataa, ni kubwa mno. Saa tano kasoro dakika saba. Karani alivua miwani akaiweka juu ya goti, na nilimhurumia kwa kweli, maana alikuwa ametenda kwa moyo mmoja.

— Acheni, ilisema simu. Wamenipa ubao na chaki. Nakumbuka karibu zote, isipokuwa ile ya visigino.

— Visigino gani? aliuliza Baba Soli.

— Mwaka juzi nilikuuliza kiatu cha mjamzito anayetembea mbali huliwa wapi. Ukanionyesha. Nilipiga picha viatu kumi na viwili vya kina mama wangu. Ndiyo slaidi niliyoitegemea, baba, ndiyo inayoonyesha umbali.

Baba Soli hakuwahi kuzifungua slaidi zile. Aliigeuza sendo juu chini. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile swali lilikuwa limemfikia mtu anayejua.

— Chora soli, alisema polepole. Sasa nenda kwenye kisigino, nyuma kabisa, upande wa nje. Hapo ndipo panapoliwa. Mzigo uko mbele, kwa hiyo mwili unajivuta nyuma ili usianguke. Akitembea karibu, hutaona kitu. Akitembea mbali, kila mwezi, panabaki unene wa kadi ya kliniki. Kama sendo hii niliyoshika.

— Hiyo ya nani?

Baba Soli alimwinulia dada macho.

— Mama, umeondoka nyumbani saa ngapi?

— Saa moja asubuhi. Nakwenda kliniki, bado sijafika.

— Umesikia? Baba Soli aliiuliza simu.

— Nimesikia, baba. Naingia.

Laini ikakatika. Karani aliifunga laptopu taratibu, na Bi Birika akampa dada kikombe bila kuombwa. Sendo ilikuwa imeletwa kwa ajili ya kamba. Baba Soli alichukua kipande kinene cha ngozi, akaanza na kisigino.