Hemda Abudi na Mwaka Lilipoungua Hekalu

Ndugu, jamaa na majirani wa Nahlaot, mimi ni Simha, dada mkubwa wa marehemu. Nimeombwa nisome maisha yake kwa ufupi na kwa upole. Ufupi nitajitahidi.

Profesa Hemda Abudi Benaroya alizaliwa hapa Yerusalemu tarehe 3 Machi 1955, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Salman Abudi na marehemu Nazima, waliohamia kutoka Baghdad miaka minne kabla. Baba alifundisha Maandiko na historia katika shule ya dini ya mtaani kwetu. Mwaka mmoja, siku ya Tisa ya mwezi wa Av, watu wazima wamefunga na wote tumeketi sakafuni tukiomboleza mahekalu yetu mawili, Hemda, wakati huo ana miaka sita, aliuliza kwa sauti lile la kwanza liliungua mwaka gani hasa. Wanawake wakamnyamazisha. Baba akampakata, akamnong'oneza, "Swali zuri, binti yangu. Acha jua lizame tule kwanza, kisha tulitafute."

Alisoma shule ya msingi hapo mtaani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka 1968, Baba alipochapisha kijitabu chake. Baba alieleza kwamba hesabu ya jadi inaliweka anguko la Hekalu la kwanza karibu mno na sisi, kwa zaidi ya karne moja na nusu. Wafalme wa Uajemi, waliotawala miaka zaidi ya mia mbili, wamebanwa humo katika miaka hamsini na kitu. Vibao vya udongo vya Babeli, ambako waandishi walirekodi nyota na mwezi, vinaonyesha moto uliwashwa mwaka 587 au 586 kabla ya enzi yetu. Baba hakumkana Mungu. Alisahihisha hesabu, basi.

Mkuu wa shule alikuwa Rabi Anshel Lifkin, mtungaji wa ile chati ya miaka, ya hesabu hiyo ya jadi, iliyotundikwa katika kila darasa. Alimfukuza Baba kazi mbele ya wanafunzi wake, kisha akasimama sinagogini akamwita mzushi. Wiki ileile wazazi wa mchumba wangu walivunja uchumba. Tarehe 9 Novemba 1970 moyo wa Baba ulisimama. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Lifkin akapitisha neno kwamba atakayekwenda kumzika mzushi atahesabiwa kuwa mwenzake. Walikuja wanaume sita. Sala ya wafiwa inataka kumi, kwa hiyo haikusomwa. Mama alifukia kaburi la mumewe kimya kimya. Hemda hakulia. Alinikamata mkono mpaka kucha zikaniingia, akasema, "Dada, huyu mtu nitamfuata mpaka achoke kukimbia."

Akafanya hivyo. Alisomea akiolojia, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1984, na kwa miaka mingi alichimba nyumba zilizoungua pamoja na Hekalu la kwanza, kwenye mteremko ulio chini ya kuta za mji wa kale. Alitoa humo boriti zilizogeuka mkaa na vichwa vya mishale. Alipima hata sakafu, maana udongo ukiungua sana huhifadhi uelekeo wa sumaku ya dunia ya siku ile. Kipimo hicho peke yake hakikumtajia mwaka, alikuwa mkweli kwa hilo. Lakini kilikubaliana na vibao, na hakikukubaliana hata kidogo na chati ya Lifkin.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na Uriel Benaroya, msomaji wa maandishi ya kale. Yeye alishikilia 586 na Hemda 587, kwa sababu hawakuafikiana kama miaka ya wafalme ihesabiwe kuanzia majira ya kuchipua au ya vuli. Chini ya kitambaa kinachotandazwa juu ya maharusi, Uriel alipoikanyaga bilauri kulikumbuka Hekalu, alisema, "Mia tano themanini na sita." Bibi harusi akajibu ndani ya shela, "Saba." Ndoa ilidumu, na ubishi ulidumu.

Mwaka 1999 Lifkin alikubali kujadiliana na Hemda hadharani, mbele ya walimu. Hemda alimwomba jambo moja tu: awataje wafalme wa Uajemi na miaka ya kila mmoja, ajumlishe. Mzee alianza, akakwama, akasema wahenga hawakukosea. Hemda akamjibu, "Wahenga hawajanikosea chochote. Wewe ndiye uliyenikosea." Mwaka uliofuata chati ziliondolewa, na wanafunzi wa Lifkin wakaanza kumkwepa njiani. Hemda hakuacha. Kila Lifkin alipoandika, alimjibu. Nilimwambia imetosha, mzee amekwisha. Akasema, "Baba alikwisha akiwa na arobaini na tisa. Huyu ana zaidi ya sabini."

Kabla ya Siku ya Upatanisho ya mwaka 2003, Lifkin alibisha mlangoni kwa Hemda, peke yake, kuomba radhi. Hemda alimkaribisha chai. Kisha akamkumbusha sheria anayoifundisha: aliyemkosea mtu aliyekwisha kufa huenda kaburini na watu kumi, akaungama mbele yao kwa kumtaja marehemu kwa jina. Lifkin aliiacha chai akaondoka. Hakwenda.

Mwaka 2017 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa mapafu. Mwezi uliopita mwana wa Lifkin alikuja hospitalini kueleza kwamba baba yake hawezi tena kupanda mlima wenye makaburi, na kuuliza kama angesamehewa kwa neno tu. Hemda aliondoa barakoa ya hewa. "Mwambie baba yako, kaburi liko palepale." Alifariki jana, Jumanne tarehe 2 Julai 2019, Uriel akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Uriel, watoto wawili, Salman na Yiska, wajukuu watatu, na mimi. Ameacha pia Rabi Anshel Lifkin, mwenye miaka tisini na mmoja, akiwa hajasamehewa. Mwanawe amesimama pale nyuma, na leo asubuhi aliniuliza kama sasa jambo hili linaweza kuisha.

Mwanangu, mrithi wa jambo hili ni mimi, na jibu ni lilelile.

Hemda, mdogo wangu, lala kwa utulivu. Mimi bado niko macho.