Papa Anaclet, Mpimaji wa Besi, Anaagwa kwa Mara ya Tatu

Papa Anaclet Onema alianza kazi katika Nyumba ya Sono ya Kasuku, duka letu la vyombo vya sauti, mwaka 1989, na leo, Jumamosi tarehe 28 Juni 2025, anastaafu. Sentensi hii nimeshaiandika mara mbili kabla ya leo, kwa tarehe nyingine. Mara ya kwanza alirudi kazini wiki ileile, kwa sababu kwaya moja ya mtaa wa Mikelenge ilileta ampli inayonuka moshi. Mara ya pili hata keki ilikuwa haijakatwa, akainuka kumkimbilia mtu aliyekuwa anapita barabarani na gitaa mgongoni. Keki tulikula wenyewe. Mimi Victorine, ninayepokea wateja pale mlangoni tangu mwaka 2004, ndiye ninayetwishwa kila mara kazi ya kuandika wasifu huu, kwa sababu wengine wanasema wamechoka. Utadhani mimi nimetengenezwa kwa chuma!

Nasema mapema ili kila aliyeshika programu hii ajue tumekuja kufanya nini. Hatukuja kwa ajili ya wali na kuku tu. Tumekuja kumwachia mtu aende nyumbani. Mke wake, Mama Hadidja, alifika ofisini mwezi wa nne, akaketi kwenye kiti cha wateja, na maneno yake nayaweka kama alivyoyasema: "Victorine, miye niliolewa na muntu, sikuolewa na bafle. Kila fete ya arusi tunaenda, miye niko kwa meza peke yangu, yeye iko anapiga magoti nyuma ya sono. Munirudishie bwana yangu angali muzima." Nilimpa maji ya kunywa, akanywa, akaenda zake.

Kwa wageni waliotoka mbali, niieleze kazi yenyewe. Nyumba yetu inanunua magitaa ya besi, ampli na bafle, yaani maboksi ya spika, zilizokwisha kutumika, inazitengeneza, inaziuza na kuzikodisha. Kitu kipya hapa Kindu tunakisikia tu. Gitaa linafika kwa ndege, au kwa treni siku treni inapojisikia kufika, au limefungwa juu ya baiskeli kutoka upande wa Kisangani, na likifika limeshapita mikononi mwa bendi tatu na kanisa moja. Papa Anaclet ndiye anayesema lina thamani gani. Analiinua, anafumba jicho moja, anaitazama shingo yake kwa urefu kama seremala anayetazama ubao. Anapitisha kucha kwenye kila chuma cha shingoni. Rangi ikiwa mpya mno anauliza kwa upole inaficha nini. Karatasi ya spika anaisukuma kwa vidole vinne, taratibu, sikio limeinama. Ikikwaruza, hata ungekuwa mkubwa gani unarudi nayo kwako.

Ampli anaipima kwanza kwa kuinyanyua, maana shaba iliyomo ndani ina uzito wake. Wajanja walilijua hilo. Kuna bwana mmoja alileta ampli nzito kweli, watu wawili wameibeba, jasho linawatoka. Papa Anaclet aliinyanyua, akaitikisa kidogo karibu na sikio, akaiweka chini, kisha akauliza kwa heshima zote kama zege lililomo ndani bwana alilichanganya mwenyewe au alimlipa mwashi. Yule bwana hakungoja chai.

Wakati wa vita, vile vilivyoanza mwaka 1998, nyuzi za besi hazikupatikana kwa dawa. Yeye alizichemsha za zamani katika maji na sabuni, akazianika kwenye kamba ya nguo, zikapata sauti tena kwa siku chache. Nyumbani kwao wanakula Krismasi na Idi zote mbili, na mwaka mmoja mchuzi wa Idi ulipikwa katika sufuria iliyotoka kuchemsha nyuzi. Wageni walikula kwa adabu. Tangu hapo Mama Hadidja ana sufuria yake mwenyewe, inayolala chini ya kitanda.

Sasa vita vyenyewe, maana bila vita hamtaelewa kwa nini mtu huyu hawezi kukaa kitini. Alinihadithia Papa Louis, marehemu, aliyeianzisha nyumba hii, na Papa Anaclet hajakanusha hata neno moja. Treni ilikuwa imekufa, barabara zimefungwa, na kilichokuwa kikitembea ni madini na ndege za kuyabeba. Wachimbaji wa Punia na Pangi walitaka sumaku, kwa sababu sumaku inanyonya mchanga wa chuma kutoka kwenye kasiteriti, yale madini ya bati, na mzigo ukiwa safi unapata bei. Na katika mji huu sumaku kubwa zilikuwa wapi? Nyuma ya spika za besi. Basi wanunuzi wakaanza kupita mtaa kwa mtaa, misumari mfukoni. Msumari ukishika nyuma ya spika, wanalipa papo hapo, wanaipasua kwa nyundo, wanachukua sumaku, na ubao wanakuachia uupikie. Spika ya kuvunja ikawa na bei kuliko spika ya kupigia. Bafle za bendi zilikwisha, za baa zilikwisha, na tuseme ukweli, za makanisa nazo zilikwisha na hakuna aliyekwenda kuungama.

Papa Anaclet hakuweza kuvumilia. Alikata vipande vya mti vya mviringo, vinene kama ngumi, akavipaka rangi nyeusi, akavigandisha nyuma ya kila sumaku iliyopita mikononi mwake. Msumari ukiwekwa juu ya mti ule unaanguka. Mnunuzi anamtazama, naye anatikisa kichwa kama aliyefiwa: "Sumaku imekufa, patron. Vita njo imeiua." Walimwamini, kwa sababu katika kazi hii hakuna aliyewahi kumkamata na uongo. Papa Louis mwenyewe alitaka kuuza depo nzima ya bafle, akadanganywa na mfanyakazi wake kama wengine. Alicheka sana alipokuwa akinihadithia, lakini nadhani siku alipogundua hakucheka.

Ingekuwa ni bafle zetu tu, leo ningeandika habari za ushujaa, nikamaliza, tukaenda kula. Lakini kuna Djuma.

Djuma alikuwa kijana wa Alunguli, ng'ambo ya mto, mpiga besi, na alikuwa na bafle moja tu, aliyoachiwa na baba yake. Alitaka kuiuza sumaku yake apate nafasi kwenye ndege ya Goma, awafuate kaka zake. Mnunuzi alikataa kutoa pesa kabla Papa Anaclet hajaipima. Bafle ilikaa kwetu siku mbili. Mnunuzi alipokuja na msumari wake, msumari ukaanguka, na ndege ikaondoka bila Djuma.

Alibaki Kindu vita vyote. Alikula sombe, yaani kisamvu, bila chumvi kama sisi. Alipiga besi yake kwa bafle ileile, kwa betri ya gari, kwenye harusi chache na matanga mengi mno. Mwaka 2002 tulimzika kaka yangu, na Djuma ndiye aliyepiga. Watu walikuwa wameishiwa machozi, hata kulia kulikuwa kazi, na ile besi ilitusaidia kulia. Ninaandika hivi kwa sababu ni kweli. Faraja ile niliipata mimi, na aliyeilipia ni Djuma, bila mtu kumuuliza kama anataka.

Mwaka 2006 Djuma aliifungua bafle yake kubadilisha karatasi ya spika. Aliingia dukani mchana, wateja wamejaa, mkononi ameshika kile kipande cha mti cheusi. Akakiweka mezani mbele ya Papa Anaclet. Mimi nilishika ufagio, nikijua leo watapigana. Djuma hata sauti hakupandisha. Alisema: "Papa Anaclet, ulinifungia Kindu. Ndugu zangu iko na manyumba Goma. Miye niko na bafle." Papa Anaclet alivua kofia, akasema: "Njo vile, ni kweli, mutoto yangu. Sikukuuliza." Akamwomba msamaha pale pale, watu wote wanasikia. Djuma alikiacha kipande pale mezani, akatoka.

Tangu siku ile Papa Anaclet hajamkatalia mtu yeyote kitu chochote. Hapo ndipo yanapoanzia yale mnayoyaita mafanikio yake. Alitengeneza sono za parokia na za misikiti bila kuangalia saa. Alipanda moto, yaani pikipiki, mpaka Pangi, mvua inampiga, kumwambia mzee mmoja kama gitaa la marehemu mwanawe lastahili kuuzwa au kuwekwa. Anaitwa akiwa anakula, anaacha sahani. Kwenye mazishi ya dada yake mtu alimnong'oneza habari za ampli inayovuma, naye akaenda, akarudi kaburi limeshafukiwa. Nilikuwepo. Nilimtazama yule mtu aliyemnong'oneza, naye alijua kwa nini ninamtazama.

Watu wanasema anaipenda kazi. Mimi nimekaa naye chumba kimoja cha duka miaka yote hii, na sikubali. Anaipenda, ndiyo, lakini sasa kazi inamla. Mgongo umekwisha. Magoti yanalia akiinama kuliko bafle yenyewe. Asubuhi anafika amechoka, jioni anaondoka amechoka, na ukimwambia akae anasema kuna mtu anangoja. Hata muziki hausikii tena. Wimbo ukipigwa, sisi tunasikia wimbo, yeye anasikia skrubu iliyolegea na waya uliochubuka. Anaogopa kumwambia mtu hapana. Ukweli ni huo. Alishaamua safari ya mtu mmoja bila kumuuliza, na tangu hapo anawapa watu wote siku zake, anadhani iko siku zitatosha. Hazitatosha, Papa. Hakuna aliyekudai. Sisi tumechukua kwa sababu ulitoa, basi, na ni aibu yetu.

Wa kumrithi yupo. Nathalie amefundishwa naye kwa miaka, anapima vizuri, na ulimi wake ni mkali kuliko wa mwalimu wake, jambo ambalo wauza zege watalijua hivi karibuni. Patron Ange, bosi wetu sasa, binti wa Papa Louis, ameshatangaza kwamba kuanzia Jumatatu kila kitu kinapitia kwa Nathalie. Wenye moto, nawaomba: mteja akiwaambia mpeleke bafle nyumbani kwa Papa Anaclet, mwambieni njia imeharibika. Njia zetu zote zimeharibika, hamtakuwa mmesema uongo.

Lakini nilijua maneno hayo hayatamfunga. Kwa hiyo mwezi uliopita nilipanda mtumbwi, nikavuka kwenda Alunguli kumtafuta Djuma. Ana mvi sasa, na ana bendi yake. Miaka yote hii amekuwa akija kwetu kununua nyuzi, anasalimia, analipa, anaondoka. Nilimwomba aje leo apige, na kama moyo unamruhusu, aseme neno moja mbele ya watu, kwamba yale mambo yamekwisha. Alinivutia kiti, akakipangusa vumbi. Kisha akasema: "Mama Victorine, miye nilimuachilia kitambo. Siku nilizika mama yangu hapa, na mikono yangu, nikasema kama ningekuwa Goma nani angemuzika? Nikamuachilia. Lakini yeye hataki kusikia. Kila nikifika kwa duka anasimama kama muntu ya kuhukumiwa tribunali." Nikamuuliza kwa nini hakumwambia. Akasema: "Nilingojea aulize." Wanaume wawili, jamani, miaka chungu nzima, kila mmoja anamngojea mwenzake!

Akakataa kusema neno mbele ya watu. Maneno hana, alisema, ana besi. Ila alinipa ujumbe, akataka niuandike hapa, wazi, na nimeuandika kama alivyoutoa: "Mwambie nitaleta bafle ya baba. Nitalegeza skrubu moja. Wimbo wa kwanza itapiga kelele mubaya sana. Akiinuka kuikaza, nitajua bado hajaamini. Akicheza na bibi yake mupaka wimbo iishe, basi miye na yeye ile mambo imekwisha."

Papa Anaclet, Nyumba ya Sono ya Kasuku inakushukuru kwa miaka hii yote, kwa kila bafle uliyoiokoa na kila mtu uliyemhudumia ukiwa huna nguvu. Tunakutakia uzee mtulivu, sahani unayoimaliza ikiwa bado ya moto, na usingizi wa mchana usioamshwa na mtu. Mimi binafsi nakutakia usirudi.

Sasa Djuma anaanza. Hiyo unayoisikia ni skrubu. Tunaisikia wote, hata watoto wanaisikia, inaudhi kweli kweli. Iache. Mama Hadidja ameniahidi kwamba utakapoinua macho kutoka kwenye karatasi hii atakuwa amesimama mbele yako, mkono ameunyoosha. Ushike.