Nyama Yake na Mifupa Yake

Kaeni chini nyote, na wewe Abdulla ondoka hapo mlangoni, umesimama kama askari wa trafiki na humu ndani hapana kinachotaka kupita ila roho yangu, nayo haitasimama kwa mkono wako. Shemsa, dada yangu, niinue kidogo, mto uweke chini ya bega la kulia, la kushoto liache, likiguswa tumbo zima linajibu. Hivyo hivyo. Namhimidi Mola aliyenipa mikono hii, namsalia Mtume wake, na baada ya hayo nasema, nikiwa na akili zangu zote, chache kama mzijuavyo, kwamba huu ndio wasia wangu mie Ubwa wa Mcha. Na kama mnaona kichekesho, kijana asiyeota hata mvi moja kutoa wasia kama shehe wa miaka tisini, chekeni sasa hivi, maana baadae sitakuwepo kukuchekeni na mie.

Msinambie ntapona. Daktari kanifungua mara ya pili akanifunga mbio, kama mtu aliyefunua chungu akakuta mchuzi umechacha, na nlipomuuliza akatazama viatu vyake. Ndipo nliposema nirudisheni kwetu mtaani Malindi, nikafe juu ya ghala langu nikiwasikia watoto wakipiga gunia chini, kuliko kufa hospitali nikisikiliza feni.

Kwanza mali, kwa sababu ndiyo mnayoona haya kuitaja. Shamba la Mangapwani na hichi chumba cha juu gawaneni kwa faraidhi, Abdulla mafungu mawili, Shemsa moja, na Shemsa ukiona nduguyo anakupunja mwende kwa kadhi, msiende kwa majirani. Lakini sheria imeniachia thuluthi niipeleke nnapopenda, na thuluthi yangu ni ghala la chini, lile baba alilokuwa akiweka papa mkavu, ambalo mpaka leo ikinyesha mvua ukuta wake unatoa harufu ya kumfukuza jini. Hilo si la Abdulla wala la Shemsa. Ni la watoto wanaotoka skuli, nanyi ni wasimamizi tu, na gunia la ngumi, mikeka, meza ya hesabu na sufuria la uji vyote vinalifuata ghala kama mkia unavyomfuata paka. Glavu zangu nyekundu, Abdulla, ni zako. Zitakupwaya, lakini iko siku utakua.

Nyinyi mnajua kwamba mie skuli nliiacha kidato cha pili, na walimu wangu walishukuru Mungu kwa sauti. Aliyenisomesha ni mtaa, na mtaa una saa zake za darasa: baina ya skuli na chuo cha Kurani, na baina ya chuo na magharibi, pale mama yuko kazini na baba hayuko popote. Kovu hili la shingoni ni la chupa ya soda, nlipigwa nayo nyuma ya soko na mtoto mwenzangu, nami jiwe nlilomrejeshea lilimtoa jicho, na wote wawili tulikuwa bado tunavaa kaptura za skuli. Ndiyo maana nlipopata misuli na jina, na jina nililipata, msijifanye hamjui, kutoka Malindi mpaka Kikwajuni nani alikuwa akinipita bila kutoa salamu, nikafungua ghala nikasema mtoto anayetaka kupiga aje apige gunia, gunia halina jicho. Shemsa akaongeza hesabu na uji. Mkono mmoja haulei mwana, mie mkono mmoja, yeye mmoja.

Sasa nisikilizeni kwa habari ya Zuleikha, kwa sababu hapo ndipo penye kisu.

Bi Bashira, mamake, anasafisha vyumba hoteli ya Paje, anatoka alfajiri anarudi usiku ushaingia. Alikuja hapa, ghala limejaa mpaka ngazini, Shemsa akamwambia subiri kidogo, nafasi itatokea. Mtoto wa miaka minane hawekwi juu ya kabati akangoja nafasi. Akampeleka Mlandege kwa Tahir, anayejiita mwalimu, kwenye banda lake la bati la twisheni, na alipomkabidhi akasema maneno ambayo mama zetu wote waliyasema mbele ya mwalimu wa chuo, na bibi zetu kabla yao, yanasemwa kwa adabu kama mtu anavyotoa salamu: nyama yako, mifupa yangu. Yaani mchape, mfunze, lakini nirudishie mtoto wangu mzima.

Zuleikha akakosea hesabu za mara saba. Tahir akampiga kwa bakora mpaka bakora ikakatika, akachukua mpira wa baiskeli, mtoto akainua mkono kuukinga uso, na mkono ukalia kama ukuni mkavu. Kisha Tahir akafunga banda kwa kufuli, kwa nje, akaenda zake kunywa kahawa, na mtoto akakaa humo na wenzake, mfupa umetokeza, mpaka jua likazama.

Nlimkuta barazani siku ya pili, kikombe mkononi, na mdogo wake Mkadam wa bucha yuko ubavuni anafuta kisu chake. Nikatoa salamu, sisi hatukulelewa porini.

"Mwalimu," nikamwambia, "mkono wa Zuleikha umevunjika."

"Mamake kanambia mwenyewe, nyama yako, mifupa yangu. Mashahidi ninao. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, Ubwa. Wewe hukuchapwa ndiyo ukawa hivyo ulivyo."

"Haya, nyama yako. Lakini ulichovunja ni mfupa, na mfupa hukupewa."

Baraza nzima ikacheka, na Tahir kuchekwa hajui. Akanimwagia kahawa ya moto usoni. Basi ngumi yangu ya kwanza ilimshusha meno mawili kifuani, ya pili ikamlaza juu ya madumu ya mkahawani, nikamkanyaga ule mkono wa bakora mpaka na wenyewe ukalia, kisha nikamwacha anatambaa, nikaenda kwenye banda, maana nliwasikia watoto, siku hiyo nayo kawafungia, wanapiga bati kwa ndani. Nikaokota jiwe nikalipiga kufuli. Nlikuwa nimeinama, ndugu zangu, nimeinama. Mkadam alinichoma kwa nyuma, akakizungusha kisu kama anatoa figo la mbuzi. Muandike hivyo, muwaambie Unguja nzima: Ubwa hakuna aliyemuweza kwa mbele.

Mkadam kakamatwa, yuko rumande. Na Tahir je? Semeni nyinyi, mie nimechoka. Ngumi zangu, zinazosifiwa mpaka Fumba, zimefanya nini? Tahir kafunga mkono bandeji, na wiki haijesha banda likafunguliwa, kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza. Shemsa kaenda Baraza la Manispaa, Bwana Hamed wa ofisi hiyo akamjibu kwamba kumfungia hawezi, hakuna kanuni aliyoivunja, kwa sababu kanuni yenyewe hakuna. Ukitaka kuuza urojo mji huu, bwana afya atakuja kuchungulia ndoo yako ya maji. Ukitaka kukaa na watoto wa watu baada ya skuli, unahitaji kufuli tu.

Sasa, baada ya damu yangu kumwagika, Baraza hilo hilo linatunga kanuni. Kila penye watoto pasajiliwe, pakaguliwe, mlango usifungwe kwa nje, bakora isiingie, na panapofaa serikali ilipe mwalimu na uji, asiwepo mama wa kuambiwa subiri nafasi. Jumamosi Bwana Hamed anakuja na wenzake kulitazama ghala letu, wapate pa kuanzia. Abdulla anacheka, anasema serikali haiijui hata njia ya kwetu. Basi waelekeze. Piga chokaa, choo kioshwe, na wakikuuliza kitu usichokijua usitie uongo, mpishe Shemsa ajibu. Na ile harufu ya papa waambieni ni mambo ya kale, wanayapenda.

Sasa wewe, Abdulla. Sogea. Chini ya ngazi kuna panga lililonolewa na dumu la petroli, usinitazame hivyo, nnakufa, sijawa kipofu. Unataka kumchoma Tahir jioni hii akiwa bandani. Ningekuwa na umri wako, ningeshakwenda, nisingengoja hata chai. Lakini hebu nambie, saa hizo ndani ya banda mna nani? Na mlango unafungwa upande gani?

Umesahau. Uso wako unasema umesahau. Ungewasha, nao wangepiga bati kama walivyopiga siku ile, na ndugu yako wa kuinama nalo kufuli hayupo tena. Hasira hasara, wazee walisema, nasi tukadhani wanatuonea wivu kwa ujana wetu.

Lete panga hapa. Liweke juu ya kitanda, pembeni yangu. Petroli umpe jirani wa vespa. Tahir muachieni kanuni, na Mkadam muachieni jaji, na mkiitwa kutoa ushahidi mwende, mseme mnayoyajua, msiongeze. Mkilipiza, Jumamosi Bwana Hamed atakuta ghala lina polisi, na watoto wote wale watarudi kwa nani? Unamjua.

Shemsa, maji. Kidogo tu... basi.

Mnizike Mwanakwerekwe karibu na baba, msinililie sana, mabinti wa Paje walionipenda watatosha. Nimekusameheni mliyonikosea, nanyi mnisamehe, hasa wewe Shemsa, nlikuwa nakula uji wa watoto. Mungu akupeni umoja, akupeni mikono mirefu na hasira fupi. Nyama yangu Mkadam keshachukua. Mifupa yangu... ndiyo nnayokuachieni.

Nani huyo chini? Hodi hiyo ya Bi Bashira. Kamleta Zuleikha, eh, na plasta yake. Nafasi imetokea. Abdulla, teremka, mpokee wewe. Atakwambia yale maneno, hana mengine, ndiyo aliyofunzwa. Wewe usiitikie. Mwambie nyama yake, mifupa yake. Vyote vyake yeye mtoto. Uyaseme mbele yake asikie. Na upaze sauti, mie huku juu... masikio yashaanza kwenda.

Shemsa, fungua dirisha.

Kasema? Mwambie ayarejee maneno. Sijasikia.

Naam.

Naam, hivyo. Sasa nifunike miguu.